Baada ya pointi sita: hoja hujengwaje katika insha ya chuo

Swali la historia la kidato cha sita lina tabia ya kukwambia lenyewe unachotakiwa kufanya: eleza sababu sita, onesha athari sita, thibitisha kwa pointi sita. Kijana aliyesoma Tosamaganga, Malangali au Loleza hapati shida nalo. Anafungua kwa maana ya neno kuu, anashusha pointi zake sita, kila moja imepigiwa mstari ili msahihishaji asihangaike kuitafuta, kisha anafunga na "kwa kuhitimisha". Siudharau mtindo huu. Msahihishaji wa mtihani wa taifa ana rundo la karatasi mezani na mwongozo wa alama mkononi, na mtahiniwa hana kitabu wala muda. Kwa mazingira hayo pointi sita ni kipimo cha haki cha nani amesoma na nani hakusoma.

Miezi michache baadaye kijana huyohuyo yuko mwaka wa kwanza Mkwawa, Ruaha, TEKU au Chuo Kikuu cha Iringa, na asaimenti yake ya kwanza inasema "jadili", au "kwa kiwango gani". Anashusha sita zilezile. Karatasi inarudi na alama za kusikitisha na maneno mawili ya kalamu nyekundu pembeni: "Kwa hiyo?" Chumbani maelezo yanapatikana haraka. Mhadhiri ana roho mbaya, au Kiingereza ndicho kilichomwangusha.

Kiingereza kina sehemu yake na nitakigusa mbele. Ila wanaosoma shahada ya Kiswahili, wanaoandika kwa lugha wanayoiota, wanarudishiwa "kwa hiyo?" ileile. Tatizo limekaa chini ya lugha. Chuo kinachukulia kwamba sababu sita unazo tayari. Zimo kwenye desa, yaani notisi za wanafunzi, zimo kwenye kitabu, zimo kwenye simu. Kinachopimwa sasa ni uamuzi wako juu ya sababu hizo: ipi ina uzito kuliko nyingine, umejuaje, na mtu asiyekubaliana nawe utamjibu nini.

Kuna jaribio dogo ninalolipenda. Chukua insha yako, hamisha pointi ya pili uiweke ya tano, ya tano uiweke ya pili. Kama hakuna kilichoharibika, ulichoandika ni orodha. Katika hoja, aya ya tatu haiwezi kusimama kabla ya ile ya pili, kwa sababu ya pili ndiyo iliyoipa haki ya kuwepo.

Fuvu la Kalenga

Nadharia ya hoja ikielezwa hewani huwa inachosha, kwa hiyo twende Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini. Kwenye makumbusho ya pale kuna fuvu. Mkwawa, chifu wa Wahehe, alijiua kwa risasi Julai 1898, baada ya kuwindwa na Wajerumani kwa miaka, na kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Halikukabidhiwa, Wajerumani walipinga hata habari yenyewe kwamba liliwahi kutolewa Afrika Mashariki. Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, ambako palikuwa na mafuvu karibu 2,000, na 84 kati yake yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akachuja yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Katika hayo akachukua moja lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 lilirudishwa Uheheni, kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu.

Swali la seminari: je, fuvu lililoko Kalenga ni la Mkwawa?

Kwanza tuliweke sawa jambo moja. Swali hili halihusu heshima ya Mkwawa wala ya Wahehe. Heshima ile haitegemei mfupa. Swali linahusu ushahidi wa Twining, na mwanafunzi anayelijibu kwa kusifu ushujaa wa Lugalo, pale Wahehe walipowapiga Wajerumani, amejibu swali ambalo halikuulizwa.

Sasa mwingine anaandika: "Fuvu hili ni la Mkwawa kwa sababu lina tundu la risasi." Hapo kuna dai na kuna ushahidi. Vyote viwili vinaonekana. Kisichoonekana ni kilichoviunganisha: imani ya kimyakimya kwamba, kati ya mafuvu yaliyochukuliwa huku, tundu la risasi ni jambo la nadra kiasi cha kumwonesha mtu mmoja. Itamke imani hiyo kwa sauti na utaona inavyoyumba. Mafuvu yale yalikusanywa katika nchi iliyokuwa vitani. Lugalo ilipiganwa Agosti 1891, ngome ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894, msako wa Mkwawa ukaendelea hadi 1898, na baadaye ikaja Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Waliokufa kwa risasi hawakuwa wachache.

Vipimo navyo vina kiungo chao kilichojificha: kwamba uwiano wa upana na urefu wa fuvu hurithiwa ndani ya ukoo kwa namna inayoutenga ukoo huo na watu wengine. Lakini watu wengi wasio na udugu wowote wana uwiano unaofanana. Na ukweli kwamba fuvu lilikutwa Bremen unahitaji kiungo kingine tena, kwamba kichwa kilifika Ujerumani na kwamba kilifika mji ule na si mwingine.

Je, hoja imekufa? Hapana, na hapa ndipo insha inapopata utamu wake. Kila ushahidi peke yake ni dhaifu, lakini ulifanya kazi kama chujio, na machujio yalipangwa moja baada ya jingine: kutoka mafuvu 2,000 hadi 84, kutoka 84 hadi machache, kutoka machache hadi moja. Mtu akifika hapo ana haki ya kusema kitu fulani. Hana haki ya kusema "ni lake". Ana haki ya kusema, kwa mfano: "Ushahidi wa Twining unatosha kuonesha kwamba fuvu la Kalenga linaweza kuwa la Mkwawa, lakini hautoshi kuthibitisha kwamba ni lake, kwa sababu machujio yake yote yanategemea kwanza kwamba fuvu la Mkwawa lilikuwa Bremen."

Sentensi hiyo ndiyo wahadhiri wanayoiita msimamo. Itazame vizuri. Inaweza kupingwa, tena kutoka pande mbili. Inasema ukubwa wa dai: "linaweza", wala si zaidi. Na inampangia mwandishi kazi ya kila aya, maana sasa anajua lazima aeleze machujio, aoneshe kwamba yote yananing'inia kwenye dhana moja, kisha aipime dhana hiyo kwa kuangalia kilichosemwa na Wajerumani baada ya 1919.

Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alilichambua jambo hili katika kitabu alichokichapisha 1958. Kwake hoja ina dai, ushahidi, kiungo kinachoruhusu kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai, msingi unaokishikilia kiungo hicho, kiasi cha uhakika, na hali ambazo dai linaweza kuanguka. Ndiyo, navyo ni vitu sita. Tafadhali usivigeuze kuwa pointi sita. Kwa mwaka wa kwanza, mimi ningesisitiza kiungo tu. Insha nyingi zinazorudi na wino mwekundu zina dai na zina ushahidi, halafu zinaruka.

"Mwaka huohuo"

Fuvu hilihili linatufundisha kosa jingine. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, mwaka uleule fuvu liliporudishwa. Mwanafunzi mwerevu anaona tarehe hizo mbili na moyo unamdunda: Twining alirudisha fuvu ili kuizima TANU! Aya inaandikika vizuri sana. Bahati mbaya Twining alikuwa Bremen 1953, na chama kilichodaiwa kuzimwa kilikuwa hakijazaliwa.

Wengi wakifika hapo hufuta aya nzima. Ningewashauri wapunguze dai badala ya kulitupa. TAA, chama kilichoitangulia TANU, ilikuwepo, na mwaka huo wa 1953 Nyerere ndiye aliyechaguliwa kuiongoza. Serikali ya kikoloni kutaka kuwa karibu na machifu ni jambo linaloweza kuchunguzwa. Dai jipya linakuwa dogo na gumu zaidi kuliangusha: kwamba tendo la Twining linaeleweka vizuri zaidi kama sehemu ya siasa za gavana kwa machifu kuliko kama ukarimu mtupu. Sasa mwandishi anajua anachokwenda kutafuta maktaba, yaani barua, hotuba na taarifa za miaka ile zinazoonesha gavana aliwahitaji machifu kwa lipi. Kabla ya hapo alikuwa anatafuta chochote chenye jina Twining ndani yake.

Msimamo unatoka wapi

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanafunzi ni hili: "Mimi ni nani mpaka niwe na msimamo? Waliobobea wameshasema." Kuna adabu ndani yake, na siicheki. Katika malezi yetu mtoto haingilii wakubwa wakizungumza. Lakini msimamo wa insha haukutaki uwashinde wakubwa. Unakutaka uone mahali ambapo mambo mawili hayakai pamoja, kisha ujaribu kuyapatanisha.

Nyanda za Juu Kusini zina mfano mmoja mchungu. Iringa inalima mahindi, viazi, maharage na mboga, na malori yanashuka Kitonga kila siku yakipeleka chakula Dar es Salaam. Na utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta mkoa huuhuu unaongoza nchini kwa watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa: karibu asilimia 57, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Njombe, jirani yake, ilikuwa karibu asilimia 50. Mambo hayo mawili hayakai pamoja. Hapo pana insha.

Jibu la kwanza linalokuja ni umaskini. Lipime. Kama umaskini na uhaba wa chakula ndio unaoeleza, basi Dodoma na Singida, mikoa ya ukame, ingetakiwa kuwa juu ya Iringa. Haiko juu, hakuna mkoa ulio juu ya Iringa. Lakini angalia usivuke mpaka. Ulinganisho huo hauoneshi kwamba umaskini hauna kazi. Huenda ndani ya Iringa yenyewe kaya maskini ndizo zenye udumavu zaidi. Kwa nini mtoto huyu amedumaa na yule hapana ni swali moja. Kwa nini mkoa huu umeipita mikoa mingine ni jingine. Nimesoma insha ndefu zilizoharibika kwa sababu mwandishi alianza na swali moja akamalizia na jingine bila kujua amehama.

Jibu la pili ni "lishe duni". Hilo karibu linarudia swali lenyewe. Kusema mtoto amedumaa kwa sababu ya lishe duni ni kama kusema gari limesimama kwa sababu haliendi.

Jibu la tatu linaanza kuwa hoja pale mtu anapotazama umbali kati ya ghala na bakuli la mtoto. Mavuno ya mkoa yanahesabiwa kwa tani. Chakula cha mtoto wa miezi kumi kinahesabiwa kwa milo: kala mara ngapi leo, nani alikuwa nyumbani kumlisha wakati mama yuko shambani au anachuma chai Mufindi, na kwenye uji wa mahindi palitiwa nini zaidi ya sukari. Kutoka hapo mwanafunzi anaweza kuthubutu kuandika: "Wingi wa mazao Iringa haushushi udumavu kwa sababu kazi ya kuyazalisha inachukua muda uleule ambao mama angemlisha mtoto mdogo."

Sijasema dai hilo ni kweli. Nasema linaweza kupimwa, na linajua adui yake ni nani. Adui anakuja mara moja: hata Singida akina mama wanalima kwa jembe la mkono, mbona huko hali si hii? Mwandishi hana budi kujibu. Pengine kalenda ya kilimo ya nyanda za juu haiachi miezi mitupu. Chai inachumwa misimu yote na viazi vinapandwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Au pengine hawezi kujibu, na dai linabidi lipunguzwe liwe la wilaya za chai peke yake. Hata likipunguzwa hivyo, insha imepata kitu cha kusema ambacho msomaji hakuwa nacho kabla.

Kuhusu adui huyo, neno moja. Desturi ya insha zetu ni kumleta mpinzani akiwa amefungwa mikono: "Wapo wanaosema vinginevyo, lakini wamekosea." Msomaji hashawishiki na ushindi wa namna hiyo. Mpe mpinzani sentensi yake bora, ile ambayo yeye mwenyewe angeisoma akasema "naam, hicho ndicho ninachosema". Ukishindwa kuiandika, hujamwelewa bado, na rudi kusoma.

Rejea, Turnitin na mashine

Rejea zinafundishwa kama adabu ya mezani: koma hapa, mwaka kwenye mabano pale. Matokeo yake ni insha inayomnukuu profesa kutuambia kwamba historia ni taaluma ya mambo yaliyopita. Rejea hiyo haikubeba chochote. Hakuna aliyekuwa anabisha. Iweke pale ambapo msomaji angesimama na kuuliza "umeyajuaje hayo?" Zile asilimia 57 zinaitaka, ile safari ya Bremen inaitaka. Maana ya neno "jamii" haiitaki.

Turnitin, programu inayokagua kama kazi imenakiliwa, nayo inaogopwa kuliko inavyostahili. Ripoti yake ya mfanano inaonesha maneno yanayofanana, basi. Mwanafunzi aliyekaa steshenari Kihesa akibadilisha neno moja baada ya jingine katika kazi ya mwenzake anaweza kuipita, na bado akawa ameiba, na bado akawa hana hoja. Kuhusu ChatGPT, ukiiachia swali bila kuiongoza mara nyingi hukuletea pointi zilizopangwa vizuri zenye vichwa vya wino mzito. Yaani inakurudisha kidato cha sita, ikiwa na Kiingereza kizuri zaidi.

Kiingereza sasa. Nenda Mbeya siku ambayo timu ya Prisons imecheza uwanja wa Sokoine, usikilize vijana wa chuo wakirudi na daladala. Anayesema timu ilistahili kushinda anaulizwa palepale "kwa lipi?", anataja nafasi zilizokoswa, anajibiwa kwamba nafasi si mabao, anapunguza dai: "basi, angalau sare". Dai, ushahidi, kiungo, pingamizi, kiasi. Vyote vimo, bila somo la stadi za mawasiliano. Kijana huyohuyo akishika kalamu kwa Kiingereza anaacha kubishana na kuanza kuorodhesha, kwa sababu akili yote imekwenda kwenye sarufi. Kwa hiyo andika hoja yako kwanza kwa Kiswahili, nusu ukurasa tu: nadai nini, nina nini mkononi, kwa nini hiki kinathibitisha kile, nani atabisha. Mweleze mwenzako wa chumba. Akibisha, mshukuru, andika alichobisha. Halafu ndipo ufungue kamusi.

Kuna alama moja ya kuangalia ukimaliza rasimu, nayo ni viunganishi. Insha ya orodha imejaa vya kuongeza: pia, vilevile, zaidi ya hayo, aidha. Hoja inahitaji vile vinavyopinda: ingawa, kwa hiyo, la sivyo, mradi, hata hivyo. Usivipachike kama pambo, maana "kwa hiyo" isiyofuata kutoka kwa chochote ni aibu kubwa kuliko "pia". Vihesabu tu. Ukikuta "pia" kumi na moja na "ingawa" hakuna, unajua ni aya zipi za kufungua upya.

Kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semesta, mambo yanabana. Saa tatu, maswali manne, na mkono umekufa ganzi kwa baridi ya Juni. Hakuna atakayekudai utafiti. Bado dakika tano za mwanzo za kila swali zinatosha kuandika sentensi moja kwa penseli kwenye ukurasa wa nyuma, sentensi yenye "ingawa" na "kwa sababu" ndani yake: ingawa hiki ni kweli, kile kina uzito zaidi, kwa sababu hii. Pointi ulizokariri zitakuja zenyewe, huwa zinakuja. Zikija, chukua zile tu zinazoisaidia sentensi hiyo au zinazoipinga. Zilizobaki ziache kwenye desa, hata kama ulikesha kuzikariri.